Nikitoka wodi ya TB naogopa kumpakata mwanangu

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni muuguzi katika hospitali moja mkoani Njombe, sitaitaja. Nina mume na mtoto wa kike anayeelekea miaka mitatu. Tangu mwaka jana niko wodi ya magonjwa ya kuambukiza. Wengi wanaolazwa hapo ni wa kifua kikuu, na baadhi yao wana VVU pia. Sikuomba kupelekwa huko, nilikuta tu jina langu kwenye rosta.

Mwanzo nilijikaza. Lakini Shangazi, Njombe ikiingia mwezi wa sita unaijua. Nikifungua madirisha wagonjwa wanalalamika baridi, ndugu zao wananiambia nina roho mbaya, na nikigeuka tu yameshafungwa. Usiku ndiyo kabisa, wodi nzima inalala kwenye hewa moja. Barakoa za N95, zile za kuchuja hewa, anazifungia inchaji, yaani mkuu wa wodi, kabatini. Tukiomba tunaambiwa tuvae ya jana. Yangu imelegea mikanda mpaka naibana kwa kidevu nikiwa naweka dripu. Kwa kawaida tuko wawili kwa zamu, na mwenzako asipotokea unaunganisha jioni na usiku, kesho asubuhi unakabidhi ripoti huku macho yamekuwa mekundu.

Mwezi wa tatu mwenzetu mmoja aligundulika ana TB. Yuko kwenye dawa na anaendelea vizuri, ila toka siku hiyo nikikohoa kidogo moyo unanipiga. Mwingine alijichoma sindano ya mgonjwa akanyamaza, kwa sababu akienda kupima pale pale hospitalini kesho yake kila mtu atajua. Aliniambia mimi peke yangu.

Nyumbani nimekuwa kituko. Nafika, navua nguo uani, naoga maji ya baridi nje kabla ya kuingia ndani, hata kama ni saa nne usiku. Mtoto anakuja mbio kunipokea, namkwepa. Mama mkwe tunaishi naye. Hajawahi kunitamkia neno baya, lakini nimeona ameninunulia kikombe changu na sahani yangu, na haviwekwi pamoja na vya wengine. Mume wangu anasema niache kazi tulime parachichi kama watu wengine.

Kinachonitisha zaidi ni hiki. Zamani mgonjwa akifariki nilikuwa naingia stoo nalia kidogo, ndipo naendelea. Siku hizi sihisi kitu. Najaza fomu, natandua shuka, namuita anayefuata. Mwezi uliopita alifariki kijana niliyemhudumia kwa wiki nyingi, nikajikuta nawaza kwamba angalau kitanda kimepatikana.

Nilimweleza inchaji kwamba nimechoka. Akasema hii ni kazi ya wito, asiyeiweza apishe wengine. Nimeandika barua ya kuomba kuhamia wodi ya wazazi, iko kwenye mkoba. Niipeleke? Au mimi ndiye sikuwa na wito toka mwanzo?

Muuguzi, Njombe

*

Marahaba mwanangu. Kamwene.

Nilivaa gauni jeupe miaka mingi kabla ya kukalia kiti hiki cha kujibu barua, kwa hiyo nitasema na wewe kama mtu wa wodini. Barua usiipeleke wiki hii. Uhamisho si aibu, lakini barua hiyo imeandikwa na hofu na uchovu kwa pamoja, na kila kimoja kina dawa yake. Umevifunga kwenye kanga moja, ndiyo maana mzigo haubebeki. Tufungue.

Nianze na mtoto, maana hapo unateseka bure. Vimelea vya TB husafiri hewani. Mtu mwenye TB ya mapafu anakohoa, anapiga chafya au anazungumza, vinatoka, na aliye karibu katika chumba kisicho na hewa anavivuta. Havikai kwenye gauni lako vikisubiri kumrukia mtoto, na havipiti kwenye kikombe wala sahani. Kunawa mikono na kubadili nguo za kazini ni usafi mzuri, kuna magonjwa mengine wodini yanayotaka hivyo, endelea. Lakini kuoga maji ya baridi uani saa nne usiku katika Njombe ya mwezi wa sita hakumkingi mtoto na TB hata kidogo. Leo ukifika, nawa mikono, badili nguo, mpakate.

Njia ya TB kufika kwa mtoto kupitia kwako ni moja: wewe mwenyewe uugue TB ya mapafu na usijue. Kwa hiyo nguvu unayoimalizia kwenye ndoo ya maji ihamishie kwenye kujichunguza. Unakohoa wiki mbili au zaidi? Unapata homa za jioni, unatoka jasho usiku hadi shuka inalowa, unapungua uzito bila sababu? Mhudumu wa wodi kama yako hangoji hata hizo wiki mbili, akianza kukohoa anapima makohozi. Hata kama huna dalili, omba uchunguzi wa mara kwa mara, kwa sababu kazi yako inaudai. Kama unaona haya kupimwa na wenzako, panda gari uende mji mwingine. Makambako si mbali, na hata Iringa kunafikika. Vipimo na dawa za TB nchini kwetu hutolewa bure. Hakikisha pia mtoto alipata BCG alipozaliwa, angalia kadi yake. Chanjo hiyo haizuii kila kitu, ila huwakinga watoto wadogo na zile TB mbaya za ubongo na za kusambaa mwilini.

Sasa tuje kwenye wodi ya wazazi unayoiona kama Kanani. Mgonjwa wa TB ya kawaida akishaanza dawa zinazomfaa, uwezo wake wa kuambukiza hushuka haraka, mara nyingi ndani ya wiki mbili hivi. Yule unayemhofia kitandani namba nne, anayemeza dawa mbele yako kila asubuhi, anazidi kuwa salama kila siku inayopita. Wa kuogopwa ni ambaye hajajulikana. Yuko kwenye benchi la OPD, kwa wagonjwa wa nje, akikohoa katikati ya watu thelathini, yuko wodi ya wanaume amelazwa kwa "nimonia", na anaweza kuwa mama aliyekuja kujifungua akiwa na kikohozi ambacho hakuna aliyemuuliza. Huko kwenye wazazi hakuna anayevaa N95, na damu ni nyingi kuliko kwako. Wewe angalau unajua unachokabiliana nacho.

Wodini kwako, swali la kuuliza ni kama kila anayeingia amepimwa kwa mashine ya GeneXpert kabla ya kulazwa na wenzake. Mashine hiyo hutoa jibu kwa takriban saa mbili, na huonyesha pia kama vimelea vyake ni sugu kwa rifampisini, dawa kuu ya TB. Mwenye TB sugu akichanganywa na wengine bila kujulikana, dawa anazopewa hazimtibu, na ile hesabu ya wiki mbili haimhusu.

Nije kwenye madirisha, maana ndiyo sehemu ya barua yako niliyoisoma mara kadhaa. Watu wengi hudhani barakoa ndiyo kinga ya kwanza. Kinga ya kwanza ni hewa inayopita. Shirika la Afya Duniani, kwa chumba cha wagonjwa wa magonjwa ya hewani, linataka hewa yote ibadilike angalau mara 12 kwa saa. Katika majengo yetu hilo hufanywa na madirisha yanayotazamana, upande huu na ule, yakiwa wazi. Jua nalo huua vimelea. Wakoloni walipojenga zile wodi ndefu zenye madirisha makubwa hawakuwa wanatafuta urembo.

Lakini huwezi kumshinda mgonjwa aliyekonda, mwenye homa, anayetetemeka usiku wa Njombe. Nami ningefunga. Vita yako na ndugu wa wagonjwa huishindi kwa kuwafokea, unaishinda kwa mablanketi. Ombeni mablanketi mawili mawili kwa kila kitanda, na muandike kwenye ombi kwamba ni kifaa cha kuzuia maambukizi, lisihesabiwe kama starehe ya mgonjwa. Hapo katibu wa afya analisoma kwa jicho lingine. Yakichelewa kufika, mwambieni ndugu anayekuja kuona mgonjwa alete blanketi na soksi nzito badala ya soda. Madirisha ya juu yasifungwe kabisa, hewa ya huko haimpigi mgonjwa kichwani. Usiku hata theluthi yakibaki wazi pande zote mbili ni tofauti kubwa na kufunga yote. Wewe unapokaa kuandika, weka meza upande upepo unakoingilia, ukupite wewe kwanza ndipo uende kwa wagonjwa. Na makohozi ya kupima yatolewe nje, kwenye hewa, mbali na watu. Hayo ya meza na makohozi hayahitaji bajeti ya mtu yeyote, yaanze zamu yako ijayo.

Barakoa. Ile nyepesi ya kitambaa au ya upasuaji anavaa mgonjwa, inapunguza anachokitoa. Haikukingi wewe. Wewe unahitaji N95, na N95 iliyolegea mikanda ni pambo. Kuirudia mtu yule yule inaruhusiwa pale zinapokuwa chache, mradi haijalowa, haijachafuka, haijapinda na bado inashika uso. Usiifue, usiipulizie dawa, na usiitie kwenye mfuko wa plastiki. Iweke kwenye bahasha ya karatasi yenye jina lako. Kila ukiivaa, ifunike kwa viganja viwili upulize kwa nguvu. Ukihisi hewa inatokea pembeni mwa pua au mashavuni, hujaivaa. Ikishindwa kipimo hicho mrudishie inchaji mkononi, umwombe nyingine, na uandike kwenye kitabu cha ripoti tarehe uliyoomba na jibu ulilopewa. Andika kwa adabu, bila hasira. Kitabu cha ripoti kinasomwa na wengi, na kabati lenye kufuli hufunguka haraka likishaandikwa.

Kuhusu mwenzako aliyejichoma sindano, huyo usimngojee ajipe moyo. Kama hata saa 72 hazijapita, funga kusoma hapa umpigie simu. Dawa za kinga ya VVU zinatakiwa kuanza mapema iwezekanavyo baada ya ajali, zisivuke saa 72, na humezwa siku 28. Hatari yenyewe, kwa sindano iliyotoka kwa mtu mwenye VVU ambaye hayuko kwenye dawa, ni kama watu 3 kati ya 1,000. Ni ndogo kuliko anavyodhani akilala macho usiku. Homa ya ini ya B ndiyo inayoambukiza kwa urahisi zaidi kupitia sindano, na hiyo ina chanjo ya dozi tatu ambayo kila muuguzi alipaswa kuwa ameipata. Wewe umepata? Kama muda umeshapita, bado apime leo na arudie kama atakavyoelekezwa, na akiona aibu aende kituo kingine. Halafu ajali ile iandikwe. Tuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, unaochangiwa na mwajiri bila mfanyakazi kukatwa senti, na unahusika na ajali na magonjwa yanayotokana na kazi. Ajali iliyofichwa haina fidia. Huyo mwenzenu aliyepata TB naye amewahi kuambiwa habari hizi?

Sasa uchovu, ambao ni mzigo mwingine kabisa. Hata kesho wodi yako ikijaa N95 na mablanketi, bado utakuwa umechoka, na utaendelea kutohisi kitu kitanda kikibaki wazi.

Mwanangu, ulichokieleza kina jina, kwa Kiingereza wanakiita "burnout". Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilikieleza rasmi kuwa ni hali inayotokana na msongo wa kazini uliokaa muda mrefu bila kushughulikiwa. Mtu anaishiwa nguvu, moyo wake unajitenga na kazi au unaifanyia kejeli, na anaona hakuna la maana analofanya. Shirika halikuiita ugonjwa, na wala halikuiita kukosa imani. Asili yake inatafutwa kazini. Wazo lile la kitanda halitoki kwa mtu mbaya, linatoka kwa mtu ambaye mwili wake umefunga mlango ili abaki amesimama. Mtu asiyejali hamwandikii Shangazi kwamba anaogopa kutojali.

Na tusijifanye kwamba kazi yenyewe ni ya kawaida. Utafiti wa kitaifa wa 2022/23 uliikuta Njombe na maambukizi ya VVU ya asilimia 12.7 kwa watu wazima, ya juu kuliko mkoa wowote nchini. Palipo na VVU vingi TB hufuata, na mgonjwa mwenye vyote viwili huja amechelewa na amedhoofika. Mnapoteza vijana wengi mno. Muuguzi anayebeba hayo akiwa peke yake kwenye zamu lazima achoke.

Kwa hiyo twende kwenye saa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, inasema zamu pamoja na muda wa ziada isivuke saa 12 kwa siku, na mfanyakazi apumzike saa 12 mfululizo kati ya siku na siku, pamoja na saa 24 kila wiki. Likizo ni siku 28 kwa mwaka. Dharura zipo, nazijua, mlipuko wa kipindupindu hausomi sheria. Ila dharura inayotokea kila wiki ni upungufu wa watumishi. Chukua daftari dogo, andika kila zamu uliyounganisha: tarehe, saa ulizoingia na kutoka, mlikuwa wangapi na wagonjwa wangapi. Wenzako wafanye hivyo hivyo kwa mwezi mzima. Kisha msiende kwa inchaji. Yeye naye anabanwa na rosta ile ile, na kauli yake ya wito nadhani ni ya mtu aliyechoka kuliko wewe. Nendeni watatu au wanne kwa metroni, mkiwa na daftari na mwakilishi wenu wa TUGHE, chama cha wafanyakazi wa serikali na afya, tawini, na ombi moja tu linalotekelezeka: kuunganisha zamu kukomeshwe katika wodi hiyo, na kila muuguzi akae hapo kwa miezi inayojulikana kisha azungushwe. Ombi la wanne halina mtu wa kuambiwa apishe wengine.

Katika mzunguko huo muwataje kwa namna ya jumla wajawazito na wenye kinga dhaifu, wasipangwe kabisa kwa wagonjwa wa TB ambao bado wanaambukiza. Msitaje majina. Wapo wanaonyamaza na hali zao kati yenu, nawe labda humjui.

Kuna jambo hukulisema nami nitaliuliza, maana nawajua wauguzi. Kabati la dawa liko karibu na usingizi uko mbali. Kama umeanza kumeza vidonge vya usingizi bila kuandikiwa, au bia mbili zimegeuka kuwa ndiyo njia ya kulala, au yanakujia mawazo kwamba ni afadhali usingeamka, hayo hayangoji metroni wala rosta. Nenda kliniki ya afya ya akili wiki hii, hata kama ni Mbeya ambako hawakujui.

Mama mkwe usimpe darasa la vimelea. Mkamwana kumfundisha mama wa mumewe kuhusu vikombe, hata akiwa na shahada, hakumalizi vizuri katika nyumba nyingi za kwetu. Mwenye kazi hiyo ni mumeo. Yeye ndiye amwambie mama yake kwa kilugha chao kwamba TB haikai kwenye vyombo, kisha siku hiyo hiyo anywe chai kwenye kikombe chako mbele yake. Mama huyo hakukuchukia. Angekuchukia angesema. Amemwogopea mjukuu kwa namna anayoijua, na ukimwona wewe mwenyewe unamkwepa mtoto, kwa nini asiogope? Ukianza kumpakata, nusu ya maneno umeshasema.

Parachichi lina pesa Njombe, simkatalii mumeo. Ila mche wa parachichi unachukua miaka michache kabla ya kulipa, na mshahara wako ndio utakaonunua mbolea. Limeni huku unafanya kazi.

Barua iliyo kwenye mkoba iache hapo mpaka mmeonana na metroni na wewe umekwenda likizo yako, likizo ya kweli, simu ya wodi imezimwa. Ukirudi isome tena. Kama bado unataka kwenda kuzalisha kwa sababu unapenda kuzalisha, ipeleke siku hiyo hiyo, na ile sentensi yote ya kuogopa TB uifute kabla hujaikabidhi.

Shangazi